Jinsi ya Kuunganisha Treni na Meli Kati ya Uingereza na Ireland

Mwongozo huu ni wa msafiri asiye na gari ambaye anataka kuvuka kutoka Uingereza kwenda Ireland, au kurudi, kwa treni na meli badala ya ndege. Katika kuwapangia safari hii wanafunzi, familia na wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili, nimeona kwamba wanaotaabika bandarini kwa kawaida ni wale walioanza kupanga kwa treni. Treni hupita mara nyingi kwa siku, lakini meli za abiria ni chache, na ikikupita moja unaweza kukaa saa sita au zaidi ukingoja nyingine. Kwa hiyo hesabu ya safari hii huanzia majini na kurudi nchi kavu: unachagua meli kwanza, kisha unahesabu saa kwenda nyuma mpaka ufike kwenye stesheni ya karibu na nyumbani kwako.

Hatua ya kwanza: kagua hati zako kabla ya kugusa ratiba

Raia wa Uingereza na wa Ireland husafiri bila viza kati ya nchi hizo mbili kwa makubaliano ya zamani ya eneo la pamoja la kusafiri. Makubaliano hayo yanawahusu raia wenyewe. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, hata akiwa na ruhusa ya kuishi Uingereza, anahitaji viza ya Ireland ili aingie Dublin, na maofisa wa uhamiaji wa Ireland huwakagua abiria bandarini wanaposhuka. Vivyo hivyo, anayeishi Ireland kwa pasipoti hizo anahitaji ruhusa ya Uingereza ili avuke upande wa pili.

Jambo hili linawatatiza zaidi wanaopitia Belfast, katika Ireland ya Kaskazini. Ukivuka kutoka Scotland kwenda Belfast bado uko ndani ya Ufalme wa Muungano, hivyo viza ya Ireland haihitajiki. Lakini ukipanda treni ya Belfast hadi Dublin unaingia nchi nyingine, na kutokuwepo kwa kizuizi mpakani hakuibadilishi sheria. Omba viza kwanza, ukishaipata ndipo ununue tiketi.

Hatua ya pili: chagua bandari kwa kuangalia umbali kati ya treni na meli

Kwenye ramani bandari zote huonekana sawa. Tofauti iko katika kipande kile kifupi kati ya jukwaa la treni na lango la abiria, na hapo ndipo safari inapofaulu au kuharibika.

Holyhead, katika kisiwa kidogo cha Holy Island kilicho kando ya kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Wales, ndiyo bandari ninayoipendekeza kwa watu wengi. Stesheni na jengo la abiria wa meli viko pamoja. Unashuka kwenye treni, unafuata vibao, na kwa dakika chache za kutembea unakuwa mbele ya kaunta ya kampuni yako ya meli, Stena Line au Irish Ferries. Ukaribu huo una historia yake: treni ya barua za Ireland ilianza kutoka London Euston mwaka 1848, na daraja la reli la Britannia, lililofunguliwa mwaka 1850, likaiwezesha reli kuvuka mlango wa bahari wa Menai na kuendelea mpaka bandarini. Leo kuna treni za moja kwa moja kutoka London Euston, ingawa si nyingi, na nyingine zinazokutaka ubadilishe Crewe au Chester. Kutoka Cardiff, Birmingham na Manchester, safari nyingi hupita Chester. Meli za kawaida huchukua takriban saa tatu na robo hadi Dublin. Ile ya mwendo wa kasi ya Irish Ferries huchukua saa mbili na robo hivi, lakini hufanya kazi katika miezi ya hali nzuri ya hewa tu, na upepo mkali huisimamisha mapema kuliko meli kubwa. Mwenye miadi asiyoweza kuikosa apande meli kubwa.

Fishguard, kusini-magharibi mwa Wales, nayo ina stesheni iliyo kando kabisa ya jengo la meli. Ugumu wake ni uchache wa treni zinazofika bandarini, na upande wa pili unashukia Rosslare, bandari ya kusini-mashariki mwa Ireland, ambako stesheni ilihamishwa mwaka 2008 na sasa iko mita mia kadhaa kutoka jengo la abiria. Treni za Rosslare kwenda Dublin Connolly ni chache, huchukua takriban saa tatu, na ratiba yake haikutungwa kwa ajili ya meli. Reli iliyokuwa ikitoka Rosslare kwenda Waterford ilisimamishwa mwaka 2010, kwa hiyo anayekwenda Waterford au Cork kwa njia hii atafute basi. Bandari hii inamfaa anayeishi kusini mwa Wales na ana shughuli Wexford au jirani yake. Kwa anayekwenda Dublin mjini, Holyhead ni bora hata kama safari ya treni itakuwa ndefu zaidi.

Pembroke Dock pia ina meli ya kwenda Rosslare, lakini stesheni iko mjini na mizigo utaibeba mwenyewe mpaka bandarini.

Kwa Scotland, treni haifiki tena kwenye meli. Zamani meli zilitoka Stranraer, ambako stesheni iko kwenye gati lenyewe. Mwezi Novemba 2011 Stena Line ilihamia Cairnryan, kilomita kama kumi kutoka hapo, mahali pasipo na reli. Njia inayotumika sasa ni treni ya Glasgow Central hadi Ayr, kisha basi lililounganishwa na meli hadi Cairnryan, na baada ya hapo saa mbili na robo hivi za baharini hadi Belfast. Basi hilo sharti uliwekee nafasi pamoja na meli. Msafiri anayefika Ayr bila nafasi atajikuta mbali na bandari, na teksi ya umbali ule ni ghali sana.

Hatua ya tatu: nunua tiketi moja inayounganisha treni na meli

Kuna tiketi maalumu iitwayo SailRail, inayokupeleka kutoka stesheni ya Uingereza hadi bandari ya Dublin. Bei yake hupangwa kwa kanda kulingana na umbali wa stesheni unakoanzia, na haipandi kadiri siku ya safari inavyokaribia kama zilivyo bei za ndege na za tiketi nyingine za treni. Kwa mtu anayesafiri ghafla, kwa mfano kwenda msibani au kumwona mgonjwa, faida hiyo ni kubwa mno, na nasikitika kwamba wengi wa jamii yetu hawaifahamu.

Ukinunua kwenye tovuti ya kampuni ya treni kama Transport for Wales au Avanti West Coast, andika mahali pa kufikia kuwa Dublin Ferryport. Ukiandika Dublin peke yake huenda usione kitu. Utatakiwa kuchagua meli mahususi, na meli hiyo ndiyo utakayolazimika kupanda; kwa upande wa treni, kwa kawaida una uhuru wa kupanda ya mapema zaidi siku hiyo. Utumie uhuru huo. Kama tiketi ni ya karatasi, ichukue kwenye mashine ya stesheni siku moja kabla, kwa sababu foleni ya asubuhi ya safari ni mahali pabaya pa kupotezea dakika kumi.

Yupo atakayekuambia kwamba kununua tiketi ya treni peke yake na ya meli peke yake huweza kuwa nafuu kidogo. Huenda ikawa hivyo siku fulani, lakini ukifanya hivyo unabeba hatari yote mwenyewe: treni ikichelewa, kampuni ya meli itakuhesabu kuwa hukutokea, na kampuni ya treni itakulipa fidia ya treni tu. Mimi sishauri.

Hatua ya nne: hesabu saa kwenda nyuma

Tuchukue mfano wa meli inayoondoka Holyhead saa 14:10, yaani saa nane na dakika kumi mchana. Saa hiyo ni ya meli kuondoka, nawe hutaitumia kupangia chochote. Saa yako ni ile ya kufungwa kwa kaunta ya kuripoti, ambayo imeandikwa kwenye uthibitisho wa tiketi. Tuseme ni dakika 30 kabla: basi mlango wako unafungwa saa 13:40. Toa saa nzima ya akiba, upate 12:40. Tafuta treni inayofika Holyhead kabla ya 12:40, kisha tazama kama ipo nyingine iliyotangulia. Kama unabadilisha treni mara mbili, au unasafiri Jumapili, chukua hiyo iliyotangulia.

Jumapili naitaja kwa makusudi. Matengenezo ya reli Uingereza hufanywa zaidi mwishoni mwa wiki, na mahali pengine treni huondolewa na kuwekwa basi mbadala ambalo huchukua muda mrefu zaidi. Ratiba ya mwishoni mwa wiki hubadilika hata baada ya tiketi kununuliwa, hivyo iangalie tena siku tatu kabla na jioni ya kuamkia safari. Tarehe 25 Desemba usipange lolote, kwani treni hazitembei siku hiyo Uingereza wala Ireland.

Upo mtego mwingine unaotuhusu sisi hasa, tuliozoea saa za Kiswahili. Meli za usiku huondoka Holyhead baada ya saa 02:00, na tiketi yenye maandishi 02:30 Jumamosi inamaanisha saa nane na nusu ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Uondoke nyumbani Ijumaa. Andika kwenye karatasi siku, tarehe na saa ya kufika stesheni, kwa saa za hapo na kwa saa za Kiswahili, hasa unapomsafirisha mzazi aliyekuja kutembea. Uingereza na Ireland hutumia saa zilezile, kiangazi na baridi, kwa hiyo hakuna tofauti nyingine ya kuhesabu.

Hatua ya tano: siku yenyewe, kutoka jukwaani mpaka melini

Ukishuka Holyhead nenda moja kwa moja kaunta ya kampuni yako. Mbili hizo ziko ndani ya jengo moja, basi soma jina kabla ya kupanga foleni. Onyesha tiketi na kitambulisho chenye picha. Raia wa Uingereza na Ireland hawalazimiki kisheria kuwa na pasipoti kati ya nchi hizi, lakini kampuni za meli zinataka kumtambua abiria, na kwa wenye pasipoti za nchi nilizozitaja mwanzoni, pasipoti na viza ni lazima. Mabegi makubwa hukabidhiwa kaunta, nawe ubaki na mkoba wenye dawa, hati, chaja na nguo ya baridi. Baada ya ukaguzi wa usalama abiria hupandishwa basi linaloingia moja kwa moja katika sitaha ya magari, kisha mnapanda ngazi au lifti hadi ukumbini. Ndiyo sababu kaunta hufungwa mapema: basi likishaondoka, hakuna njia ya kumkimbiza abiria mmoja mpaka melini.

Treni yako ikianza kuchelewa ukiwa njiani, mwambie kondakta mapema kwamba una tiketi ya kuunganisha na meli, utaje meli na saa yake. Usingoje mpaka mfike. Piga picha ya ubao wa matangazo unaoonyesha kuchelewa na uhifadhi tiketi zote. Ukifika umechelewa, nenda kaunta na tiketi yako ya SailRail. Kwa kawaida huhamishiwa meli inayofuata yenye nafasi, na fidia ya treni utaidai baadaye kwa kampuni ya treni.

Meli yenyewe ikichelewa au ikifutwa, unalindwa na kanuni ya Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010, ambayo Uingereza iliibakiza katika sheria zake. Ikitarajiwa kuchelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90, una haki ya kuchagua kati ya kusafirishwa kwa njia nyingine na kurudishiwa nauli. Kwa safari ya hadi saa nne, kufika kwa kuchelewa saa moja au zaidi hukupa fidia ya asilimia 25 ya nauli, na zaidi ya saa mbili asilimia 50, ila fidia hiyo haitolewi pale hali ya hewa inapohatarisha meli. Dhoruba za Bahari ya Ireland si jambo la nadra: dhoruba Darragh ya Desemba 2024 iliharibu magati ya Holyhead, na bandari ikafungwa hadi katikati ya Januari 2025 huku meli zikipelekwa bandari nyingine. Kwa hiyo jua bandari yako ya pili kabla hujaihitaji, na ubebe fedha za kulala usiku mmoja.

Hatua ya sita: kutoka bandari ya Dublin hadi treni ya Ireland

Tiketi yako imeishia bandarini, na bandari ya Dublin haina stesheni ya abiria. Zamani meli za Stena zilitia nanga pia Dun Laoghaire, hatua chache kutoka treni ya mjini, lakini huduma hiyo ilikoma mwaka 2014. Sasa utapanda basi au teksi kuelekea mjini. Kituo cha mwisho cha tramu nyekundu ya Luas, kiitwacho The Point, kiko umbali wa kutembea kwa asiye na mzigo mzito. Tramu ya kutoka hapo hukufikisha karibu na stesheni zote mbili kubwa: Connolly, iliyo hatua chache kutoka kituo cha tramu cha Busáras, penye treni za Belfast, Sligo na Rosslare, na Heuston, penye treni za Cork, Galway na Limerick. Acha angalau saa moja na nusu kati ya saa ya meli kufika na saa ya treni kuondoka, kwa kuwa kushuka, uhamiaji na kungojea mabegi huenda kwa mpangilio wao.

Unaporudi, hesabu ni ile ile, ila tazama kwanza treni ya mwisho kutoka Holyhead. Meli ya jioni kutoka Dublin hufika karibu na saa sita usiku, wakati treni za siku zimekwisha na ya kwanza huondoka alfajiri. Mwenye watoto au mzee achukue meli ya asubuhi, au alipie chumba Holyhead kabla ya kuondoka Dublin.