Mashindano ya FC mtaani: piga hesabu kabla hujapokea kiingilio

Wachezaji 64, mashine 2, mtoano, dakika 6 kila kipindi. Tangazo kama hilo la mashindano ya EA Sports FC, gemu ya mpira inayochezwa kwenye mashine za PlayStation (PS), linavutia kwenye grupu la WhatsApp mpaka ulipigie hesabu. Mechi ya vipindi vya dakika 6 inakula kama dakika 20 ukijumlisha kuchagua timu, marudio ya magoli na kupishana vitini. Mtoano wa watu 64 una mechi 63. Kwa mashine 2 hizo ni zamu 32, yaani dakika 640. Ukianza saa 4 asubuhi kamili, fainali inaisha saa 2:40 usiku, na hapo umeme haujakatika wala hakuna aliyechelewa. Aliyepangiwa zamu ya mwisho ya raundi ya kwanza atasubiri masaa 5 kabla hajagusa pedi. Anacheza dakika 12, anafungwa, anatafuta bodaboda.

Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa refa au kwa “upendeleo” chanzo chake ni hesabu hiyo ambayo haikufanyika. Kwa hiyo anza na idadi ya mashine, ndipo uamue idadi ya watu.

Kwa siku moja, mashine 4 na watu 32 ni kiasi kinachobebeka. Mtoano mtupu unakuwa na zamu 4 za raundi ya kwanza, 2 za raundi ya pili, kisha robo, nusu na fainali: kama masaa 3. Tatizo ni kwamba watu 16 wanatoka baada ya mechi moja tu, na kwa kiingilio cha shilingi 5,000 mtu anahisi ameibiwa hata kama kafungwa kihalali. Bora makundi 8 ya watu wannewanne. Mechi za makundi zinakuwa 48; zicheze kwa vipindi vya dakika 4, zamu moja dakika 15. Kwa mashine 4 hizo ni zamu 12, masaa 3 kamili. Wawili wa juu kila kundi wanaingia mtoano wa 16 kwa vipindi vya dakika 6, ambao unataka saa moja na dakika 40 hivi. Jumla ni kama masaa 5 bila mapumziko, na kila aliyelipa amecheza angalau mechi 3.

Mechi mbili za mwisho za kila kundi zichezwe kwa wakati mmoja kwenye mashine mbili jirani. Kombe la Dunia lenyewe lilijifunza hili kwa aibu: mwaka 1982 huko Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria walikuwa tayari wanajua matokeo ya wapinzani wao, wakaridhika na 1-0 iliyowavusha wote wawili, na kuanzia 1986 mechi za mwisho za makundi zikawa zinachezwa pamoja. Mtaani kuuziana mechi ni rahisi zaidi, maana wanaouziana wamekaa kochi moja.

Wakijitokeza 27 badala ya 32 na umechagua mtoano, nafasi 5 zitakuwa za kupita bila kucheza. Zipigiwe kura mbele ya watu, vikaratasi kwenye kofia, video ikirekodiwa. Usimpe nafasi hiyo rafiki yako, hata kama kweli ndiye bora.

Usiwaite wote kwa wakati mmoja. Kwenye mtoano wa mashine 4, wale wa zamu mbili za kwanza waripoti saa 3:30 kwa mechi za saa 4:00 na 4:20. Wa zamu mbili zinazofuata waripoti saa 4:10. Weka ratiba kwenye Challonge, tovuti ya kupangia mashindano, ili watu waione kwenye simu, lakini bandika pia karatasi ya manila ukutani na kalamu nene. Bando likiisha, manila inasomeka.

Mashine, usiku wa kuamkia mashindano

Usichanganye PS4 na PS5 kwenye mashindano yale yale. Jina la gemu ni lile lile ila toleo la PS5 linachezeka tofauti, mwendo wa wachezaji na uzito wa mpira si ule ule, na anayefungwa kwenye mashine asiyoizoea ana hoja. Halafu pedi: ya PS4 haichezi gemu za PS5, na ya PS5 haiunganishwi kwenye PS4. Tangazo lako lisiposema ni mashine gani, nusu ya watu watakuja na pedi wasizoweza kutumia.

Kama gemu ni ya kupakua na si ya diski, zima intaneti kabisa kisha ifungue kwenye kila mashine. Mashine ambayo haikusajiliwa kama ya msingi kwa akaunti iliyonunua gemu itaonyesha alama ya kufuli na kugoma. Afadhali kufuli hiyo uione wewe usiku, isije ikaonwa na watu 32 asubuhi. Masasisho nayo yamalizwe usiku huo, kisha usiruhusu mashine yoyote kusasisha kikosi siku ya mechi, la sivyo mchezaji yule yule atakuwa na uwezo tofauti mashine namba 1 na namba 3.

Runinga ndiyo inayosahaulika zaidi. Runinga nyingi za nyumbani zinachakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji unaweza kupita milisekunde 100. Unabonyeza pasi, mchezaji anaitoa baadaye kidogo, beki ameshafika. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa Game Mode kwenye soketi ile ile ya HDMI inayotumika, na urudie kwa kila runinga, kwani zingine zinaikumbuka kwa soketi moja tu. Isiyo na Game Mode iache kwa ajili ya watazamaji.

Pedi ikaguliwe hivi. Anzisha uwanja wa mazoezi, weka pedi mezani, toa mikono, umtazame mchezaji kwa sekunde 30. Akianza kutembea mwenyewe polepole kuelekea kona, kijiti cha analogi kimekwisha. Iweke pedi hiyo pembeni na uiandike X kwa tepu, usije ukaiokota tena kwa haraka. Kisha bonyeza vitufe vya R2 na L1 mara ishirini kila kimoja, na usikilize kama kuna mbonyezo unaopotea.

Hata pedi nzima zina vurugu yake zikiwa nyingi chumba kimoja. Pedi iliyotumika mwisho mashine namba 2 ikiwashwa na mtu aliyekaa namba 4, inaenda kujiunga na namba 2 na kuvuruga mechi iliyo dakika ya 88. Dawa ni waya: kebo moja ya USB kwa kila pedi, yenye uwezo wa kupitisha data (zile za kuchaji tu hazisaidii), na namba ya mashine ibandikwe kwenye pedi na kwenye kebo. Mwenye pedi yake aichomeke kwenye mashine aliyopangiwa kwanza, ndipo abonyeze kitufe cha PS.

Umeme

PS5 moja ikicheza inavuta kama wati 200, runinga ya inchi 43 mara nyingi chini ya 100. Vituo 4 ni kama wati 1,200, ongeza spika na feni. Genereta ya kVA 2.5 inatosha bila kulia. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine. Gawanya vituo kwenye soketi mbili za ukutani. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 kwa kila kituo itakupa dakika chache za kuwasha genereta, na zaidi ya hapo inaiokoa mashine na kuzimika ghafla, kwani ikishazimika hivyo hukagua diski yake kwanza wakati foleni imesimama.

Umeme ukikatika katikati ya mechi, sheria iwe imeandikwa tayari. Nzuri ni hii: kila kituo kina mtu anayeandika matokeo na dakika kila goli linapofungwa na mpira unaposimama. Mechi ikikatika dakika ya 60 ikiwa 1-0, wanaanzisha mechi mpya kwa timu zile zile, wanacheza mpaka saa ya gemu ionyeshe dakika ya 30, na magoli yanajumlishwa. “Turudie yote” humnufaisha aliyekuwa anafungwa. “Aliyekuwa anaongoza apite” huleta ngumi.

Sheria na pesa

Karatasi moja inatosha. Kasi ya gemu Normal, kamera moja kwa mashine zote, hali ya hewa safi, timu za klabu tu. Kusimamisha gemu ni mpira ukiwa nje, mara 3 kwa mechi. Anayesimamisha mwenzake akiwa anaelekea golini anaonywa, akirudia anafungwa 3-0. Aliyeitwa asipotokea ndani ya dakika 10, 3-0 vilevile. Refa asiwe mshiriki. Hilo halina mjadala, hata kama mmepungukiwa watu.

Zawadi usiitangaze kwa tarakimu kubwa inayotegemea watu ambao hawajajiandikisha. Sema asilimia. Watu 32 kwa shilingi 5,000 ni 160,000. Ukitenga asilimia 70 kwa zawadi unapata 112,000, na ukigawa 50, 30 na 20, wa kwanza anachukua 56,000, wa pili 33,600, wa tatu 22,400. Asilimia 30 inayobaki ni mafuta ya genereta, ukumbi na maji. Iandike pia, watu hawakasirishwi na gharama wanazoziona. Andika vilevile kwamba mechi ya kwanza isipoanza ndani ya saa moja ya muda uliotangazwa, anayetaka pesa yake arudishiwe papo hapo, na makato ya kutuma uyabebe wewe.

Pesa zikae kwenye laini ambayo hutumii kwa matumizi mengine. Fainali ikiisha, washindi watumiwe kabla runinga hazijachomolewa, nao wasome ujumbe wa simu kwa sauti.