Kimondo kimelala jangwani miaka mingapi? Pima kwa kaboni-14

Usichanganye umri huu na ule wa jiwe lenyewe, ambao ni miaka bilioni 4.5 na ushei. Hapa tunatafuta siku kilipoanguka. Kikiwa angani, miale ya kosmiki hugonga oksijeni ya madini yake na kuzalisha kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayooza polepole, mpaka inayozaliwa ilingane na inayooza. Kikitua, angahewa hukikinga, na kilichobaki ni kuoza tu: kila miaka 5,730 hupungua nusu. Tuchukue kondraiti (kimondo cha mawe) ya aina ya L kutoka jangwa la Dhofar, Oman.

1. Thibitisha aina. Kiwango cha kuanzia hufuata kiasi cha oksijeni: H (yenye chuma kingi) ni takriban 46, L (chuma kidogo) 51, LL (kidogo zaidi) 55 (atomi zinazooza kwa dakika kwa kilo).

2. Kata kipande cha ndani, mbali na mishipa ya kutu. Kisage. Nusu gramu inatosha.

3. Loweka kwenye asidi ya fosforiki ya asilimia 100 hadi mapovu yakome, suuza, kausha. Hatua hii ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Maji hujaza nyufa chokaa, na kaboni ya chokaa hiyo imetoka kwenye hewa yetu. Ikibaki, kimondo cha kale kitaonekana kimeanguka juzi.

4. Pasha nyuzi 500 za Selsiasi hewani ili uchafu wa viumbe uungue.

5. Changanya na vipande vya chuma, gramu 4 hadi 5, uyeyushe kwenye tanuri ya induksheni huku oksijeni ikipita. Pitisha gesi juu ya oksidi ya shaba yenye moto ili monoksidi ya kaboni igeuke dioksidi. Pima ujazo wake. Huwa kidogo mno, kwa hiyo ongeza dioksidi isiyo na kaboni-14 kwa kiasi unachokijua, ugeuze grafiti, uhesabu atomi za kaboni-14 kwa mashine ya AMS (spektrometa ya masi yenye kichapuzi). Chuma kitupu nacho kipitie njia hiyohiyo. Utakachopata humo ukitoe kwenye jibu.

6. Kokotoa: t = 8,267 × ln(A₀/A). Hapa t ni miaka tangu kianguke, ln ni logi asilia, A₀ ni kiwango cha kuanzia cha hatua ya 1, na A ni ulichopima, kwa kipimo hichohicho. A ikiwa 17, basi 51/17 ni 3, na jibu ni miaka 9,080 hivi.

Usijivunie tarakimu hizo. Sampuli iliyotoka karibu na uso wa jiwe na ile ya kiini hazikuanza na kiwango kimoja. Kosa la asilimia 15 kwenye 51 husogeza jibu miaka 1,200. Dawa yake ni kupima pia berili-10, atomi nyingine yenye mionzi inayozalishwa na miale hiyohiyo, katika sampuli ileile, kwa kuwa kina huziathiri zote mbili karibu sawasawa. Uwiano wa kaboni-14 kwa berili-10 huanzia karibu 2.5, mradi jiwe lilipigwa na miale kwa miaka milioni kadhaa.

A ikishuka chini ya 1, kaboni-14 imekwisha kazi. Hamia klorini-36 ya sehemu ya chuma, yenye nusu-uhai (muda wa kupungua nusu) wa miaka 301,000, kama inavyofanywa kwa vimondo vya barafu ya Antaktika.