Uzito Unapogoma Kushuka: Jinsi ya Kupima Kama Kweli Mwili Umepunguza Kasi

Mtu aliyezoea kula milo mitatu huamua siku moja kubaki na supu ya mboga, matango na chai ya rangi. Katika wiki mbili za kwanza mizani inashuka kilo 4, kisha inaganda pale pale wiki nzima, na inayofuata pia, huku njaa ikizidi na viganja vikiwa baridi. Hapo huambiwa kwamba mwili umeingia katika hali ya njaa, kwamba umeyafungia mafuta, na kwamba hatapungua tena mpaka aongeze chakula. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, lakini chembe yenyewe imekuzwa mno. Mwili unaonyimwa chakula hupunguza kweli matumizi yake, ila si kwa kiasi cha kuuzuia uzito usishuke. Aliyekwama anapaswa kuchunguza kwanza maji na chakula kisichohesabiwa kabla ya kuulaumu umetaboli wake, yaani namna mwili unavyotumia nishati ya chakula.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1945. Ancel Keys na wenzake walichukua wanaume 36 waliojitolea, watu waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri, wakawalisha karibu kalori 1,570 kwa siku kwa muda wa wiki 24, ilhali kabla ya hapo walikuwa wakihitaji karibu 3,200, na bado wakatakiwa kutembea takriban kilomita 35 kila wiki. Nishati waliyoitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na miili kuwa midogo, kwa kuwa mwili mdogo una kidogo cha kuhudumia. Iliyobaki ndiyo ubanaji wa matumizi hasa, yaani moyo kupiga polepole, joto la mwili kushuka, na mtu kukosa hamu hata ya kuinuka alipoketi. Pamoja na hayo yote, wanaume hao walipoteza karibu robo ya uzito wao, na wengine wao walivimba miguu kwa maji huku wakikonda.

Uchunguzi mwingine, ulioongozwa na Kevin Hall na kuchapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani. Baada ya miaka sita miili yao ilikuwa bado ikitumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa uzito waliokuwa nao, na wengi walikuwa wamerejesha kilo nyingi. Habari hiyo ilisambaa kama uthibitisho kwamba umetaboli huharibika. Jambo lililotajwa kwa nadra ni kwamba waliofanikiwa zaidi kutorejesha uzito ndio waliokuwa na ubanaji mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye vipimo. Cha kwanza ni cha karatasi na kalamu. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25, jumlisha majibu hayo mawili, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5. Mwanamke atoe 161. Hayo ni makadirio ya kalori unazotumia kwa siku ukiwa umelala tu, na mwenye kazi ya kukaa huzidisha jibu hilo kwa karibu 1.4 ili apate matumizi ya siku nzima.

Tuseme ni mwanamke wa miaka 38, mwenye urefu wa sentimita 162, ambaye ametoka kilo 86 hadi 78. Alipoanza alikuwa akitumia karibu kalori 2,130 kwa siku. Sasa anatumia karibu 2,020. Tukimkata nyingine 200 kwa ajili ya ubanaji, bado anabaki na 1,800. Ikiwa kweli anakula 800, ana upungufu wa 1,000 kila siku, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takriban kalori 7,700, inampasa apungue karibu kilo moja kila baada ya siku nane. Ili uzito wake ugande mwezi mzima kwa sababu ya umetaboli peke yake, mwili wake ungelazimika kuishi kwa zaidi kidogo ya nusu ya kile unachohitaji akiwa amelala kitandani. Hesabu hiyo haiingii akilini, kwa hiyo kuna kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji yanayokaribia mara tatu ya uzito wake, na mlo mkali unapoumaliza, maji hayo hutoka pia. Ndiyo maana kilo 4 za mwanzo hazikuwa mafuta matupu. Baadaye mambo hugeuka: siku za kukaribia hedhi, mlo wenye chumvi nyingi, usingizi mbovu au mazoezi mapya huufanya mwili ushike kilo moja au mbili za maji na kuyaficha mafuta yaliyokwisha kuondoka. Jipime kila asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kunywa chochote, andika, kisha tafuta wastani wa siku saba na uulinganishe na wastani wa wiki iliyotangulia. Mwanamke alinganishe na wiki ileile ya mzunguko uliopita. Pima pia kiuno usawa wa kitovu kwa utepe wa fundi cherehani. Usitoe hukumu kabla ya wiki nne. Mizani ya siku moja haina maana yoyote.

Wastani usiposogea kwa wiki nne na kiuno nacho hakijapungua, basi ni chakula. Nasema hivi bila kumshuku mtu kuwa mwongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu walioamini kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Umetaboli wao ulikutwa wa kawaida, ila walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya walichokula.

Jikoni kwetu mshukiwa wa kwanza ni mafuta ya kupikia. Upawa mdogo wa nyumbani kwangu, nilipoupima kwa maji na bomba la sindano, ulibeba mililita 50, na mililita 50 za mafuta ni zaidi ya kalori 400. Mboga za majani zilizokaangwa kwa upawa huo na kuliwa na watu wawili zina zaidi ya kalori 200 za mafuta kwa kila mmoja, na mlaji ataandika tu kwamba alikula mchicha. Weka chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni kabla na baada ya kupika. Kila gramu iliyopungua ni kalori 9. Chai nayo ihesabiwe: vikombe vinne, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni karibu kalori 190, maziwa bado. Kiganja cha karanga cha gramu 30 kina takriban 170. Fanya hivyo kwa siku saba mfululizo, Jumapili na siku ya harusi zikiwamo.

Ukishapata takwimu halisi, achana na kalori 800. Mwanamke wa mfano wetu angekula karibu 1,400 hadi 1,500, akapungua polepole, akabaki na nguvu ya kutembea na kufanya kazi. Katika hizo, protini ifikie gramu 90 hivi, kutoka kwenye dagaa, samaki, mayai, maharage na maziwa, na mara mbili au tatu kwa wiki afanye mazoezi ya kubeba vitu vizito, hata ikiwa ni ndoo ya maji, ili kinachopungua kiwe mafuta zaidi kuliko misuli.

Milo ya chini ya kalori 800 hutumika hospitalini kwa sababu maalumu na chini ya daktari, kwa kuwa kupungua kwa kasi kunaweza kuleta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Mjamzito, anayenyonyesha na aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula wasijaribu kabisa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, na anayemeza dawa za shinikizo la damu, wamwone daktari kabla ya kupunguza chakula, maana dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno kwa mlo wa leo. Na ikiwa umepima mafuta, sukari na wastani wa wiki kwa uaminifu na uzito bado haushuki, omba kipimo cha tezi ya shingo, na umweleze daktari dawa zote unazotumia, sindano za uzazi wa mpango zikiwamo.