Mwalimu wa Netiboli Anapomkatisha Tamaa Binti Yako: Mwongozo kwa Mzazi wa Mwanafunzi wa Sekondari

Msimu wa michezo ya shule za sekondari unapokaribia, kuelekea mashindano ya UMISSETA ambayo huanzia ngazi ya shule na kupanda hadi wilaya, mkoa na taifa, nyumba nyingi hapa Dodoma huwa na jioni za namna moja. Binti anarudi na vumbi hadi magotini, anaweka begi chini bila kusema neno, na ukimuuliza anakujibu kwamba mwalimu hakumpanga, au amempanga namba asiyoizoea, au amemwita mzembe mbele ya wenzake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi wa jioni hiyo. Mimi ni baba niliyeanza kwa kukosea, na sehemu kubwa ya ninayoshauri hapa niliijua baada ya kufanya kinyume chake.

Anza kwa kuujua mchezo. Malalamiko mengi ya wazazi, hasa sisi akina baba tuliokulia kwenye soka, hutokana na kutoielewa netiboli. Kila timu ina wachezaji 7 uwanjani, na kila mmoja huvaa herufi zinazomwonyesha mwamuzi maeneo anayoruhusiwa kukanyaga. Wanaoweza kufunga ni wawili tu, GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji wa goli). Mwenye C (mchezaji wa kati) huzunguka karibu uwanja wote lakini haingii kwenye nusu duara ya goli lolote, na mwenye WD (mlinzi wa pembeni) hubaki katika theluthi ya katikati na theluthi ya ulinzi ya timu yake. Mpira haushikwi zaidi ya sekunde 3, wala aliyeudaka hakimbii nao. Binti yangu alipokuwa kidato cha pili nilisimama kando ya uwanja robo nzima nikimpigia kelele, "Panda mbele! Piga goli!" Mama mmoja aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu pale pembeni akanigusa bega, akaniambia kwa upole, "Baba, huyo ana WD. Akivuka ule mstari anapigiwa filimbi." Nilimtazama binti yangu, alikuwa amegeuzia uso upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno makali ya kumwambia mwalimu kwamba anamnyima mtoto nafasi ya kufunga. Niliyameza.

Ukishaujua mchezo, pambanua ni lalamiko la aina gani ulilonalo, kwa sababu njia ya kulishughulikia hutegemea hilo. Kuna mambo ya kiufundi: nani kapangwa, kwa namba gani, kwa dakika ngapi. Haya ni ya mwalimu na mchezaji wake, na mzazi akiyaingilia humharibia binti mwenyewe, kwa kuwa hata akipangwa kesho wenzake watasema kapangwa kwa sababu baba yake alikuja. Kuna mambo ya utaratibu na lugha: mazoezi yanayokwisha giza likiwa limeingia na binti anarudi peke yake, ratiba inayobadilika bila taarifa, maneno ya kudhalilisha yanayorudiwa kila siku. Haya mzazi ana haki ya kuyauliza, kwa adabu. Halafu kuna madhara: kipigo, kulazimishwa kucheza akiwa ameumia, au mwalimu kumwendea binti kwa namna isiyofaa. Hayo hayasubiri kikao wala mwisho wa msimu, nami nitayarudia hapo mbele.

Usimhoji mara tu anapofika. Mwache anywe maji, aoge, ale. Kisha muulize swali moja tu: "Nikusikilize tu, au kuna jambo unataka nilifuatilie?" Mara nyingi jibu ni la kwanza, na kazi yako hapo ni kunyamaza, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Akikueleza jambo zito, liandike kwenye daftari siku hiyohiyo pamoja na tarehe na maneno yenyewe jinsi yalivyosemwa. Baada ya wiki tatu utaona kama ni mazoea au ilikuwa siku moja mbaya, na siku ukilazimika kuzungumza na mkuu wa shule hutakuwa unategemea kumbukumbu za hasira.

Nenda pia ukatazame mazoezi mara moja au mbili bila kusema lolote. Mimi nilikuta mwalimu mmoja, mabinti zaidi ya ishirini, mipira miwili ambayo mmoja ulikuwa umelegea, na mistari ya uwanja iliyochorwa kwa majivu na kufutwa na upepo kabla ya mazoezi kwisha. Mwalimu huyo alikuwa amefundisha darasani tangu asubuhi, na hakuwahi kusomea ukocha. Alikabidhiwa timu kwa sababu alikuwa kijana na ana raba. Sikusema kwamba hilo linahalalisha kuwatukana watoto. Lilinisaidia tu kujua kwamba baadhi ya niliyoyaita dharau yalikuwa uchovu, na kwamba mtu aliyechoka huzungumzika ukimfuata kwa wakati unaofaa.

Kwa malalamiko ya aina ya kwanza, mfundishe binti kuzungumza mwenyewe. Hapa kwetu kuna ugumu wake, maana tumewalea watoto kutowahoji wakubwa, na mwanafunzi anayemuuliza mwalimu "Kwa nini hunipangi?" huonekana ana kiburi hata kama hakukusudia. Kwa hiyo chagua naye maneno. Swali la "kwa nini" linamtaka mwalimu ajitetee. Swali la "nifanye nini" linampa kazi ya ualimu, ambayo ndiyo kazi yake. Tulijaribu nyumbani, mimi nikiwa mwalimu na yeye akiwa yeye, hadi akaweza kusema bila kuinamisha kichwa: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kujua nifanyie mazoezi kitu gani ili siku moja uniamini kwenye WA," yaani namba ya mshambuliaji wa pembeni. Mara ya kwanza alicheka katikati ya sentensi, mara ya pili akalia, mara ya tatu akaimaliza. Aende peke yake, kabla ya mazoezi kuanza, wala si baada ya kufungwa. Jibu alilopata lilikuwa fupi: pasi zako za kifua ni nzuri, lakini ukishadaka unachelewa kutazama. Kwa miezi miwili mdogo wake alimrushia mpira uani, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, na mpira ulitakiwa uwe umeondoka kabla ya tatu.

Kwa malalamiko ya aina ya pili, nenda wewe, lakini usiende siku ya mechi wala usimfuate mwalimu uwanjani mbele ya wanafunzi. Piga simu uombe nafasi, fika shuleni muda wa kazi, andika jina kwenye kitabu cha wageni, na usiruke salamu. Ulizia hali yake na kazi zake kabla ya kutaja jambo lako. Hiyo si kupoteza muda, ndiyo njia yenyewe. Anza na jema ambalo ni la kweli, kisha taja jambo moja, moja tu, na uliseme kama lilivyotokea: "Mwalimu, nashukuru kwa muda unaowapa hawa watoto. Nimekuja kwa jambo dogo linalonisumbua. Wiki iliyopita mazoezi yalikwisha saa moja usiku mara mbili, na binti yangu hutembea peke yake hadi barabara kubwa. Tunaweza kusaidianaje?" Neno "tusaidiane" hufungua milango ambayo "nataka maelezo" huifunga. Usimtaje mtoto wa mwenzako aliyepangwa badala ya wako. Usipeleke zawadi pia. Kama unao uwezo wa kununulia timu mpira, nawe fanya hivyo, lakini upitishie kwa mkuu wa shule na iwe wakati ambao huna lalamiko lolote mezani, la sivyo utaonekana umekuja kununua namba.

Kuhusu kundi la WhatsApp la wazazi nitasema kwa ufupi: usimwandike mwalimu humo. Ujumbe wa saa tatu usiku ulioandikwa kwa hasira huwa umeshamfikia kabla hajaamka, na mara nyingi umeongezewa chumvi na watu usiowajua.

Sasa yale ya aina ya tatu. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu. Visizidi viboko 4, viandikwe kwenye daftari maalumu, na mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike iwapo yupo. Kudondosha pasi si kosa la nidhamu. Binti akichapwa kwa sababu timu imefungwa, nenda kwa mkuu wa shule siku inayofuata na daftari lako mkononi, na ikiwa hakuna hatua inayochukuliwa, panda hadi bodi ya shule na ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Kuhusu majeraha, kumbuka kwamba anayedaka mpira katika netiboli hulazimika kusimama ghafla, hivyo kifundo cha mguu na goti ndivyo huumia zaidi. Binti asiyeweza kurukaruka kwa mguu mmoja bila maumivu hachezi, hata kama ni fainali, na hapo mzazi aseme hapana bila kuomba radhi. Maji nayo yasiwe zawadi ya walioshinda. Kwa ukavu wa hewa ya Dodoma jasho hukauka kabla mtu hajaligundua, na binti anaweza kuishiwa maji mwilini huku nguo zake zikiwa kavu.

Timu ikienda kambini au ikisafiri, uliza mapema watalala wapi, na ni mwalimu gani wa kike anayeongozana nao. Mwalimu anayemwita binti peke yake, anayemtumia ujumbe usiku, au anayemwahidi nafasi kikosini kwa sharti la kutomwambia mtu, usiende "kumweleza" wala usikubali yamalizwe kifamilia. Mwondoe binti kwenye timu siku hiyo, mjulishe mkuu wa shule, na ufike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure, na binti mwenyewe aijue kwa kichwa kabla hajaihitaji.

Pengine utafanya yote haya na mwalimu atabaki vilevile: hatukani, hapigi, ila ni mkali, mgumu wa kusifu, na hampangi mtoto wako. Hilo hutokea. Mwisho wa msimu, si katikati ya wiki ya mashindano, mwachie binti aamue kama anaendelea, anahamia wavu au riadha, au anapumzika. Wangu aliniomba wiki moja afikirie. Jumamosi moja nilirudi nyumbani nikamkuta uani na mdogo wake, vizibao viwili vya zamani vimeanikwa kwenye kamba, naye amechora mstari ardhini kwa kisigino, anamwambia mtoto wa darasa la tano, "Wewe ni WD. Usivuke hapo."