Kabla ya kuondoa pointi kwenye injini ya V8 ya zamani
Mwenye Ford Mustang au Chevrolet Camaro ya miaka ya 1960 anaweza kuondoa pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) na kondensa inayozilinda, akafunga moduli ya kielektroniki ya kufanya kazi hiyo ndani ya distribyuta ileile (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda), na gari likabaki na sura lililotoka nayo kiwandani. Kinachoharibu kazi hiyo nzuri mara nyingi ni waya. Magari hayo yaliwekewa waya wa ukinzani kati ya swichi ya kuwashia gari na koili (kifaa kinachoongeza volti ili cheche itokee), ili kupunguza umeme usije ukaunguza pointi, ilhali moduli nyingi huhitaji volti 12 kamili. Kwa hiyo ivutie moduli waya wake usio na ukinzani kutoka kwenye swichi, kisha upime volti kwa mita injini ikiwa inanguruma. Ukinzani wa koili nao usipungue kiwango kilichoandikwa katika maelekezo ya moduli. Pia shika shafti ya distribyuta kwa vidole uitikise: ikicheza kwenda pembeni, badilisha bushi inayoishikilia kwanza, kwa kuwa hakuna moduli itakayotoa cheche kwa wakati sahihi juu ya shafti inayoyumba. Ukimaliza, rekebisha taimingi (wakati wa cheche) upya, na usiache swichi ikiwa imewashwa huku injini imezimwa, maana moduli inaweza kuungua.