Kabla hujapiga kelele "sajilini": jinsi ya kupima kama kikosi chenu ni chembamba kweli

Kila dirisha la usajili likifunguliwa ni yale yale, timu ikitoa sare mbili tu mashabiki wanaanza kikosi hakina upana, yaani mbadala wa kutosha kila nafasi, leteni watu, na uongozi nao ukibanwa unaokota yeyote aliyebaki sokoni siku ya mwisho usiku. Kuna muda mashabiki wako sahihi kabisa. Kuna muda shida ni kocha hataki kuzungusha wachezaji, au mna mawinga watano afu namba sita (kiungo mkabaji) mmoja. Kujua mko wapi sio lazima uwe skauti, chukua karatasi na kalamu, na roho ngumu kidogo maana utaona mambo kuhusu mchezaji unayempenda.

Chora mfumo ambao kocha anautumia kweli, sio ule unaoutamani wewe. Kila nafasi andika anayeanza, chini yake andika anayeingia huyo akiumia. Sheria ni moja tu, jina likishatumika kama mbadala sehemu moja haliandikwi tena kwingine. Hapa ndo viraka, yaani wachezaji wa nafasi nyingi, wanawaumbua watu, utakuta beki yule yule kaandikwa namba mbili, namba tatu na namba nne, mtu anakwambia nyuma tuko vizuri kumbe mnamhesabu mtu mmoja mara tatu. Kiraka ni mali, sikatai, lakini anaziba tundu moja kwa wakati mmoja.

Na huo ndo mtego uliowanasa Liverpool msimu wa 2020/21. Walimuuza Lovren kiangazi cha 2020 na hawakuleta beki mwingine wa kati mzoefu, wakabaki na Van Dijk, Gomez na Matip, kwenye karatasi watatu wanatosha. Oktoba Van Dijk akaumia goti kwenye mechi na Everton, Novemba Gomez akaumia kambini na England, mwisho wa Januari Matip naye msimu ukaisha. Kocha akawarudisha Fabinho na Henderson nyuma, na hapo ndo ujionee, tundu la beki likazaa tundu la kiungo, timu iliyobeba ubingwa na pointi 99 ikafungwa mechi sita mfululizo za ligi nyumbani kwao Anfield. Kwahiyo ukiona mbadala wa nafasi moja ni mtu anayeanza nafasi nyingine, usiweke tiki, weka alama ya hatari.

Ukimaliza majina usijiulize tu "mtu yupo?", jiulize akiingia timu inacheza vile vile au kocha analazimika kubadili kila kitu. Arsenal 2022/23 walikua na mbadala wa Saliba, Rob Holding alikuepo, ni beki halali. Saliba na Tomiyasu wakaumia usiku mmoja Machi 2023 dhidi ya Sporting, na timu iliyokua inasogeza mstari wa ulinzi juu kabisa ikawa haiwezi tena kufanya hivo kwa raha. Aprili wakaongoza 2-0 kwa Liverpool wakasawazishiwa, wakaongoza 2-0 kwa West Ham wakasawazishiwa, wakatoa 3-3 na Southampton aliyekua mkiani, afu Manchester City akawapiga 4-1. Wakamaliza nyuma ya City kwa pointi 5. Sisemi ni kosa la Holding peke yake, nasema mbadala asiye na mbio mkampa kazi ya mtu mwenye mbio huyo ni jina tu kwenye orodha.

Sasa hesabu mechi. Ligi ya timu 20 ni mechi 38, yaani dakika 3,420 kwa mtu asiyetoka hata mara moja. Klabu Bingwa Ulaya kuanzia 2024/25 hatua ya kwanza ni mechi 8, zamani zilikua 6. Ongeza makombe ya nyumbani na timu ya taifa. Timu inayocheza ligi na kombe moja tu haihitaji upana sawa na timu inayocheza kila katikati ya wiki, na hili watu wanalisahau kabisa. Leicester walibeba ubingwa wa England 2015/16 wakiwa hawana mechi za Ulaya na makombe yote wametoka mapema, kocha anapanga karibu watu wale wale kila wiki na inakubali. Kama nyie mnacheza wikiendi tu, pesa ya mchezaji wa kumi na nane iwekeni kwa anayeanza, mtafaidi zaidi. Angalia na kalenda pia, AFCON ya Morocco ilianza 21 Desemba 2025 ikaisha 18 Januari 2026, klabu yenye waafrika wanne wanaoanza haiwezi kusema hilo lilikuja ghafla.

Nafasi zenyewe haziko sawa. Kipa wa pili mzuri mmoja basi, usimalize bajeti hapo. Mawinga na mabeki wa pembeni wanakimbia sana na misuli ya paja inawasumbua, hao wawe wawili wawili kweli. Namba sita ndo ninayoiogopa mimi, City walikua wamebeba ligi mara nne mfululizo, Rodri akaumia goti Septemba 2024, msimu ukaishia nafasi ya tatu na dirisha la Januari wakaenda kumnunua Nico González. Na kumbuka tangu sub tano ziwe sheria ya kudumu 2022, benchi sio la dharura tena, ni karibu nusu ya timu inabadilishwa ndani ya mechi moja.

Umeona tundu ni kweli? Basi bado swali gumu kuliko yote, nani atakubali kuja kusugua benchi bila kununa. Mchezaji mwenye miaka 23 na jina kubwa hatakubali, miezi mitatu tu wakala ameanza kuongea na magazeti. Real Madrid 2023 Benzema kaondoka, wakamchukua Joselu kwa mkopo toka Espanyol iliyokua imeshuka daraja, watu tulicheka sana. Mtu mzima, anajua kazi yake, halalamiki. Nusu fainali na Bayern Mei 2024 wako nyuma 1-0, kaingia dakika ya 81, goli la 88, goli la 91, fainali hiyo. Upana unaonekanaga hivo, straika wa boksi wakati wengine wote mbele ni wa kukimbia, kitu ambacho kikosi hakikua nacho.

Ukienda kinyume unapata Chelsea ya 2022/23. Walinunua mpaka ikawa shida, Januari ile waliposajili rundo la watu UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, inaruhusu kuongeza watatu tu kwenye orodha ya hatua ya mtoano, wakaingia Enzo, Mudryk na João Félix, Badiashile ambaye alikua anaanza kwenye ligi akabaki nje. Ligi wakamaliza wa 12. Kwahiyo kabla ya kusajili soma kanuni zenu, Ligi Kuu ya England ni watu 25 na wasiokuzwa humo wasizidi 17, ila chini ya miaka 21 hawahesabiwi.

Hao vijana ndo wa kuangalia kwanza kama tundu limetokea Januari, maana bei ya Januari wauzaji wanajua una shida. Mpe kijana mechi nne tano ndipo uamue, au mkopo usio na lazima ya kununua. Liverpool mwisho wa dirisha la Januari 2021 walileta mabeki wawili, Kabak kwa mkopo na Ben Davies kwa kumnunua. Kabak alicheza kidogo hawakumchukua moja kwa moja, Davies hakucheza hata mechi moja ya ushindani. Mechi za mwisho za msimu pale nyuma walisimama Nat Phillips na Rhys Williams, ambao walikuepo muda wote, timu ikashinda 8 kati ya 10 za mwisho ikamaliza ya tatu.