Somo: Kumpokea mhariri mgeni wa Wikipedia bila kumkimbiza

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na hadi leo kurasa nyingi za miji ya huku Nyanza na Magharibi bado ni mbegu: mistari miwili mitatu, basi. Watu wa kuzijaza wapo. Wanajiunga siku ya warsha hapa Kisumu, wiki ikiisha hawaonekani tena. Ukifungua historia ya michango yao, mara nyingi utakuta hariri ya kwanza ilifutwa na hakuna aliyewaambia kwa nini. Kwa hiyo somo hili ni la sisi wahariri wenyeji.

1. Akaunti ifunguliwe nyumbani. Kila mtu atumie bando lake kabla ya siku ya warsha. Mfumo unaruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka mtandao mmoja. Wa saba atakaa akitazama wenzake. Jina lisiwe la kampuni wala shule.

2. Mkaribishe kwa maneno yako. Kigezo cha karibu, yaani ujumbe wa makaribisho ulioandaliwa tayari, kiweke, hakina ubaya, ila chini yake ongeza kitu kinachoonyesha umesoma alichoandika: "Habari, nimeona ulivyoongeza kuhusu soko la Kibuye. Asante. Una gazeti au kitabu kinachosema hayo?" Kisha weka sahihi kwa kuandika ~~~~, alama zinazogeuka kuwa jina lako, ajue wa kumjibu.

3. Kazi ya kwanza iwe ndogo, chanzo kikiwa mkononi. Mpe sensa ya 2019: Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574. Abonyeze Hariri, aandike idadi, aweke tanbihi inayotaja ripoti ya sensa, na kwenye muhtasari aeleze alichofanya. Akishachapisha, mfungulie Historia aone jina lake pale. Hapo ameshagusa karibu kila kitu atakachohitaji mwaka mzima. Usimwanzishe na ukurasa mpya! Huko ndiko tunakopata kurasa za mchungaji wa mtaa na msanii mwenye nyimbo mbili, kisha tunalazimika kuzifuta na mtu ananuna, na ana haki ya kununa, maana sisi ndio tuliomtuma.

4. Rekebisha kabla ya kufuta. Tuseme ameandika: "Kisumu ni jiji maridadi lenye watu wakarimu kuliko wote Kenya, na reli ilifika 1901 likiitwa Port Florence." Ondoa sifa, bakiza reli, umwombe chanzo chake. Halafu mweleze kwenye ukurasa wake wa majadiliano kwamba mwaka unaweza kuthibitishwa, ukarimu hauwezi.

Kunakili ni jambo jingine. Maandishi ya tovuti ya hoteli yatoke mara moja hata kama ni mazuri: leseni ya Wikipedia inamruhusu yeyote kuyatumia tena, hata kibiashara, na mwenye hoteli hakutoa ruhusa hiyo.

Maswali ya wanachama

*Kakamega:* Mwalimu, kuna mzee wetu Mumias ana historia yote ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kichwani. Naweza kumweka kama chanzo?

Hapana, mpaka yawe yamechapishwa mahali. Kwa sehemu kama yetu, ambako mengi yanaishi midomoni, naona kanuni hii inatuumiza, lakini ndiyo iliyopo. Msikilize mzee, uandike majina na matukio, kisha uyatafute maktaba. Atakufikisha haraka kuliko kutafuta gizani.

*Nakuru:* Picha nzuri ya Menengai nimeipata kwenye kundi la WhatsApp. Niipakie?

Usipakie, dada, si yako. Panda mwenyewe na simu, piga, upakie Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia. Mlima hauendi popote.

*Kisumu:* Kuna mgeni anamwaga kurasa za tafsiri ya mashine, moja baada ya nyingine. Nimfanyeje?

Chukua moja tu, inyooshe sentensi kwa sentensi, umtumie aone tofauti, na umwombe asimamishe nyingine hadi amalize hiyo. Akiendelea baada ya kuambiwa mara mbili, mjulishe mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia. Kumfungia si kazi yako.